Uliza Sajenti: "Walimkamata Ijumaa jioni, kitabuni hayupo"

Hamjambo wasomaji. Safu hii mnaijua: nyie mnaandika, nami sajenti mstaafu niliyezeekea kaunta ya polisi, sasa msaidizi wa kisheria hapa Dodoma, ninajibu. Toleo lililopita nilieleza habari za dhamana, nikategemea maswali ya madereva wa bajaji na wafanyabiashara wa Sabasaba. Yamekuja, yatasubiri. Kati yake zilikuwemo barua za watu ambao mitaani wanaitwa majina mhariri asiyoyataka kwenye kurasa zake: mashoga, na wale waliozaliwa wakaitwa wavulana lakini wanaishi kama wanawake, au kinyume chake. Hizo ndizo za mwezi huu. Majina yote nimeyaondoa, na vituo vya polisi sivitaji.

Shikamoo Mama Sajenti. Nina saluni Majengo, si mbali na soko. Mdogo wangu wa kiume ananisaidia kusuka. Ana mkono mwepesi kuliko wasichana wangu wote, wateja wanatoka mpaka Area D kumfuata yeye. Ana mwendo wa kike tangu utotoni, sifichi. Ijumaa moja saa kumi na mbili jioni walikuja wanaume wawili wasio na sare pamoja na mgambo, wakasema wana taarifa kwamba ni shoga. Wakachukua simu yake. Kituoni wakamwamuru atembee mbele ya kaunta, aende na kurudi, watu wacheke. Halafu vibao, na virungu vya nyayo. Nilipofika saa mbili usiku nikaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Jumamosi mmoja akanipigia: nipeleke laki sita "kuzima kesi", la sivyo Jumatatu anapelekwa hospitali kupimwa kama ameingiliwa, na picha za kwenye simu zitamfikia baba yetu Mpwapwa. Jumapili usiku nilitoa laki tatu na nusu, akatoka. Simu hawajarudisha, na juzi wamepiga tena. Alivunja sheria gani? Nifanye nini? — Mwenye saluni, Majengo

Marahaba mwanangu. Poleni wote wawili. Nikujibu kwa mpangilio wangu, maana swali lako la pili ni la haraka kuliko la kwanza: wakipiga tena, usiende peke yako, na usiongeze hata mia. Mtu aliyelipwa kuzima kesi ambayo haikuwahi kuwashwa anajua sasa kwamba unalipa.

Ndiyo, nimesema haikuwahi kuwashwa. Hebu angalia barua yako mwenyewe. Ulifika saa mbili usiku ukaambiwa hayupo. Mtu anayeletwa kituoni anatakiwa kuandikwa: jina, saa aliyoingia, kosa, nani kamleta, ana nini mfukoni. Kama jina lake halikuwemo kitabuni, basi kwa macho ya serikali mdogo wako usiku ule hakuwa mahabusu wa mtu yeyote. Alikuwa mali ya wale wawili.

Na kwa nini Ijumaa jioni? Nimekaa kaunta miaka mingi, sihitaji kubahatisha. Jumamosi na Jumapili mahakama hazikai. Mawakili wako Kisasa wanapumzika au wamesafiri. Mkubwa wa kituo hayupo, au yupo lakini hapiti selo. Ndugu ana usiku tatu za kuogopa kabla hajaweza kumwona hakimu, na kila usiku bei inabadilika. Anayekusudia kumfikisha mtu mahakamani hana sababu ya kuipenda Ijumaa jioni. Anayekusudia pesa anaipenda sana.

Sasa sheria. Sitakuficha, maana wapo wanaowaambia vijana kwamba hakuna sheria, halafu kijana anajiongelea kila kitu mbele ya mpelelezi. Ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, kinaadhibu kumwingilia mtu kinyume na maumbile, na pia kukubali kuingiliwa. Adhabu ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kanuni yenyewe iliandikwa na Waingereza mwaka 1945. Ukali huu wa miaka 30 tuliuongeza wenyewe mwaka 1998 kwenye sheria ya makosa ya kujamiiana. Kipo pia kifungu kinachohusu vitendo vya aibu kati ya wanaume. Hayo si mambo ya kuchezea.

Lakini soma tena: kumwingilia, kuingiliwa. Sheria inataja kitendo. Haitaji mwendo, haitaji sauti, haitaji kusuka nywele wala kupaka losheni inayonukia. Hakuna kosa linaloitwa "kuwa shoga" ambalo polisi anaweza kuliandika kwenye kitabu chake, ndiyo maana wale wawili hawakuandika. Kitendo kinatakiwa kithibitishwe kwa ushahidi mbele ya hakimu, na kumtembeza mtu mbele ya kaunta aende na kurudi hakuthibitishi kitu. Ni maonyesho tu. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, ibara ndogo ya 6, inasema mshtakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike, heshima ya mtu itunzwe katika upelelezi, na ni marufuku mtu kuteswa au kudhalilishwa. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta maneno "isipokuwa mashoga". Hayamo.

Tuje kwenye ya kufanya. Mdogo wako alipigwa nyayo. Watu wanapenda nyayo kwa sababu alama hazionekani ukivaa viatu. Kama bado zinamuuma, aende hospitali leo, asisubiri karatasi. Ile fomu ya polisi namba tatu, PF3, ni haki ya mtu aliyeumizwa na haiuzwi. Akiogopa kuiomba pale pale alipopigiwa, na ana haki ya kuogopa, aiombe kituo kingine. Amweleze daktari kilichotokea kwa mfuatano, amwombe aandike anachokiona: uvimbe, rangi, maumivu ya kukanyaga. Na wewe piga picha, miguu yote miwili, kwa mwanga wa mchana, uso usionekane.

Pesa uliitoa vipi? Kama ni mkononi, kaa chini uandike leo: saa, mahali, nani alikuwepo, noti zilikuwaje, alivaa nini aliyezipokea. Kama uliituma kwa simu, Mungu amekupenda, maana muamala haufutiki kwa kufuta meseji. Kachukue taarifa ya miamala yako. Tena namba iliyokupigia Jumamosi bado iko kwenye orodha yako ya simu. Inakili pembeni kabla simu haijaibwa na wengine. Dhamana ya polisi ni bure, bango lake limebandikwa kwenye kuta za vituo, tena mara nyingi juu kabisa ya kichwa cha anayekuomba pesa. Takukuru namba yao ni 113, kupiga ni bure, na hawana haja ya kujua mdogo wako analala na nani ili kushughulikia askari aliyedai laki sita.

Simu yake. Polisi anayechukua mali ya mtu kwa upelelezi anatakiwa kuacha hati inayoeleza alichochukua, iliyosainiwa na mwenye mali na shahidi. Hamkupewa. Kwa hiyo siiti simu iliyokamatwa, naiita simu iliyoporwa, na wewe iandike hivyo kwenye malalamiko, na namba za IMEI, zile za kuitambua simu yenyewe, kama mna boksi lake. Tishio la kumpelekea baba picha nalo liandike, neno kwa neno kama lilivyosemwa.

Halafu hilo la "kupimwa". Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo linalowavunja watu moyo kuliko virungu. Kumlazimisha mtu achunguzwe sehemu ya haja kubwa ili ijulikane kama ameingiliwa ni jambo lililofanyika nchini mwetu, si hadithi. Madaktari wenyewe wamelikataa. Chama cha Madaktari Duniani kilikutana Chicago mwaka 2017 kikawataka madaktari waache kushiriki, kwa sababu kipimo hicho hakithibitishi chochote na ni udhalilishaji. Jirani zetu Kenya, Mahakama ya Rufani ikiwa Mombasa iliamua Machi 2018 kwamba kuwafanyia hivyo wanaume wawili waliokamatwa pwani kulivunja haki zao za kikatiba. Uamuzi wa Kenya haumfungi hakimu wa Dodoma, lakini wakili anaweza kuusoma mbele yake. Ikitokea mdogo wako akafikishwa kwa daktari, amwambie kwa sauti, mbele ya muuguzi: "Sijaridhia, naomba uandike kwamba sijaridhia." Daktari mwenye akili timamu ataangalia karatasi, ataangalia leseni yake, ataweka kalamu chini.

Malalamiko usiyapeleke kwenye kaunta ile ile. Andika barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, nakala kwa kamanda wa mkoa, na nakala nyingine Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo makao makuu yake yako mji huu huu na haitozi senti. Hakikisha wanagonga muhuri kwenye nakala yako. Kwenye barua eleza mambo manne au matano tu: kupigwa, kutoandikwa, pesa, simu, tishio. Usieleze maisha ya mdogo wako. Hayahusiani, na kila sentensi utakayoongeza hapo itasomwa vibaya. Kama unaona jina lako litawaletea balaa Majengo, njoo kwa msaidizi wa kisheria; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, na huduma yetu ni bure.

Je, kuna hatari? Ipo, nisikudanganye. Wapo waliolalamika wakafuatwa. Ndiyo maana nasema watu wawili, muhuri, na nakala nje ya nyumba yako. Na saluni isifungwe.

Sajenti, ndugu yetu akishikwa tena, tukifika kaunta tuseme nini? Sisi tunaishia kulia na kupiga magoti. — Marafiki watatu, Chang'ombe

Msipige magoti, mtachafua nguo. Nendeni wawili, mmoja wa kuongea na mmoja wa kuandika, na awe mtu mzima anayeitika vizuri. Mama wa kanisani au ustadhi anafaa kuliko nyie watatu mkiwa na hasira. Salimieni. Kisha ulizeni polepole: Ameandikwa saa ngapi? Kosa gani? Mpelelezi ni nani? Tunaweza kumwona? Anayeandika aandike majibu mbele ya macho yao, pamoja na saa. Msiposikia jibu, ulizeni mkuu wa kituo yuko wapi. Mkijibiwa "hayupo kitabuni", andikeni hivyo hivyo na jina la aliyejibu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu, haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na inapima muda wa kuhojiwa: saa nne za mwanzo, zikiongezwa kwa utaratibu. Aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au ikishindikana apewe dhamana ya polisi, isipokuwa kosa likiwa zito. Na hata hapo afikishwe mapema iwezekanavyo. Siku zikipita na mtu haonekani, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Dodoma, kuomba aliyemshikilia amlete. Mara nyingi kutajwa tu kwa ombi hilo kunafungua mlango wa selo.

Yeye mwenyewe huko ndani ana kazi moja: asijieleze. Maelezo ya onyo, yale mpelelezi anayomwandikisha mtuhumiwa kituoni, ndiyo yanayowafunga watu wengi, wanayasaini usiku wakiwa na usingizi na njaa. Aseme ataongea wakili akiwepo. Akishapigwa akasaini, hajamalizika. Wakili anaweza kuyapinga mahakamani yasipokelewe, na hapo ndipo ile karatasi ya daktari inakuwa na kazi.

Habari Sajenti. Kitambulisho changu cha NIDA kimeandikwa mwanaume, ila mimi ni mwanamke na ninaishi hivyo, nywele, gauni, kila kitu. Nikitoka Singida kuja Dodoma nilishushwa kwenye basi kwenye ukaguzi. Askari wa kiume alinipapasa kifuani mbele ya abiria "kuhakikisha", akainua gauni langu. Kisha nililazwa selo ya wanaume, na yaliyotokea humo sitayaandika. Nilitolewa asubuhi kwa madai ya uzururaji. Nani alipaswa kunikagua? Na uzururaji gani wa mtu mwenye tiketi ya basi? — Msafiri

Pole sana binti yangu. Nimesoma barua yako nikainuka kwenda kuchota maji, nikarudi.

Naanza na usichokiandika. Kama ni kile ninachokidhani, nenda kliniki au hospitali, na kama bado ziko ndani ya saa 72 kuna dawa za kukinga VVU, uliza "PEP" watakuelewa. Zikishapita, nenda vilevile upimwe na utibiwe. Aliyelazwa selo ni jukumu la aliyeifunga kufuli. Jambo alilotendewa humo halimfanyi kuwa mkosaji wa kifungu cha 154, aliyelazimishwa hakukubali.

Kukaguliwa: sheria inasema mwanamke akaguliwe na mwanamke, kwa kuzingatia staha. Waliotunga hawakukufikiria wewe, hilo ni kweli, na askari atang'ang'ania kilichoandikwa kwenye kadi. Lakini sheria hiyo hiyo inataka mtu yeyote aliye chini ya ulinzi atendewe kiutu na kwa heshima, haikusema mwanamke wala mwanaume. Kuinua gauni la mtu mbele ya basi zima si ukaguzi. Unatafuta bangi? Iko kwenye begi. Omba kwa upole, mapema, kabla hawajagusa: "Naomba nikaguliwe faragha, na askari wa kike." Nimewaona askari wa kike wakikubali bila maneno mengi, wao wenyewe wanajua kupapaswa na wasafiri wenzao kwenye mabasi kukoje. Na omba selo ya peke yako, au ukae kwenye benchi ya kaunta. Benchi ni gumu na taa haizimwi, lakini kuna macho ya watu.

Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachomtaja aliyezaliwa mwanamume akavaa gauni. Wakikosa kosa, wanachukua uzururaji, kifungu kilichorithiwa kwa wakoloni wa kuwafagia maskini barabarani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika. Tiketi yako itunze.

Na ujue hujawa wa kwanza kudhalilishwa hivyo. Kenya, polisi wa Thika walimvua nguo mtu kama wewe mbele ya waandishi wa habari. Alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 ikaamuru alipwe fidia ya shilingi 200,000 za kwao. Fedha si nyingi. Ila mlipaji alikuwa serikali.

Afande, nakuandikia kwa heshima. Mimi konstebo, mwaka wangu wa kwanza. Wakubwa wa doria wanatupeleka kwenye nyumba za kupanga Nkuhungu na karibu na vyuo "kuvuna". Nisipoingia, naulizwa kama na mimi ni wenzao. Nifanyeje?

Konstebo, neno "kuvuna" umelitaja mwenyewe, kwa hiyo unajua. Sitakuambia ugombane na koplo wako usiku barabarani, utahamishiwa kituo kisicho na maji wala mtandao. Fanya kitu kidogo kinachokera zaidi: uliza unachotakiwa kuandika. "Afande, niandike kosa gani? Mlalamikaji nimwandike nani? Saa hii niandike?" Uliza kama kuruta asiyejua, kwa unyenyekevu kabisa. Mavuno hayapendi kalamu. Kwenye daftari lako la kazi andika ulipokuwa na ulichofanya, kila zamu, si zile mbaya tu. Amri unayotakiwa kuitii ni amri halali, na siku mambo yakiharibika, niamini, aliyekutuma atasema hakukutuma. Mwaka 2023 Rais Samia aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, kwa sababu malalamiko juu ya ukamataji na mahabusu yalishafika kwenye meza yake. Jeshi linaangaliwa.

Kuhusu kuitwa mwenzao: cheka nao, nenda kaoshe gari.

Mhariri, nimelisoma gazeti hili tangu ujana. Mbona sasa mnatetea ushoga? Taifa lina maadili, na polisi wakiwatia adabu wanatusaidia wazazi. Sajenti ni mama, hana uchungu na watoto? — Mwalimu mstaafu, Kondoa

Mwalimu, shikamoo. Uchungu ninao, na nitakujibu kwa huo huo uchungu.

Unakumbuka mwishoni mwa 2018, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alipowataka wananchi wampelekee majina ya mashoga? Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba yale ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Lakini huku chini hakuna aliyesubiri tamko. Nilianza kuona majina yanaletwa kituoni na watu wenye sababu zao. Mwenye nyumba anayetaka kumtoa mpangaji wa miezi sita iliyolipwa. Mdaiwa. Mke wa zamani. Jirani ambaye binti yake alikataliwa na kijana asiyetaka kumwoa. Ukishaweka kosa lisilohitaji ushahidi, kila mwenye ugomvi analiazima, Mwalimu, na mwanao mwenye sauti nyembamba hayuko mbali nalo.

La pili ni hili, na nakuomba ulisome taratibu. Kifungu cha 154 ndicho hicho hicho tunachokitumia tunapomshtaki mtu aliyemlawiti mtoto wa kiume. Nilikuwa nikipokea akina mama wenye watoto hao. Wengi walikuja wamechelewa, wiki mbili, mwezi, jeraha limepona na ushahidi umekwenda. Ukiwauliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: waliogopa kwamba mtoto atachekwa kaunta, ataambiwa atembee. Mvulana wa darasa la tano! Na waliogopa kwa haki, kwa sababu walishasikia jinsi mtu anayedhaniwa shoga anavyofanyiwa pale. Mlawiti wa kweli anaipenda sana hofu hiyo. Kwa hiyo ukiniuliza kama askari aliyempiga msusi wa Majengo nyayo anatusaidia wazazi, mimi niliyekuwa naandika PF3 za watoto hao nasema hapana.

Unachoamini msikitini kwako, na mimi ninachoamini kwenye kanisa langu, tuendelee kukiamini. Hatukuajiriwa na polisi kwa ajili ya hayo.

Sajenti, swali langu fupi. Kaka yangu anatumia dawa za ARV. Wakimshika, hana dawa siku mbili tatu, na akiziomba watajua hali yake na kumtangaza. Tunafanyaje? — Dada, Kibaigwa

Dada, hili ni la kupanga kabla, si usiku wenyewe. Muwe na akiba ndogo ya dawa nyumbani kwako, si kwake, ndani ya chupa isiyo na karatasi ya nje. Akishikwa, peleka pamoja na chakula. Kaunta waambie: "Ni dawa za kila siku, anatakiwa kumeza saa fulani." Hutakiwi kutaja ugonjwa, wapo wa presha, wapo wa kifafa, hatuwaulizi. Omba ipokelewe na iandikwe kwenye kitabu pamoja na vitu vyake, na uone kwa macho yako akimeza kama wataruhusu. Wakikataa, piga simu kwa muuguzi wa CTC, ile kliniki ya VVU anakochukulia dawa. Muuguzi akiongea na mkuu wa kituo mambo hubadilika, na yeye anajua namna ya kusema bila kusema. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, hata kwa aliye mahabusu. Askari atakayeitangaza mwandikie barua kama nilivyoeleza kwa mwenye saluni.

Kadi yake ya kliniki usiipeleke kituoni. Piga picha ile namba tu, ibaki kwako.